Fundi Makochi Aliyekataa Kuketishwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Makochi, na wengi wa wateja wake hawakujua kama ana jina lingine. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati, katikati ya duka la rangi na kibanda cha kinyozi. Nyuma alikaa seremala aliyemtengenezea fremu za mbao. Mbele ndipo alipofanyia kazi yeye mwenyewe. Alifunga springi, akakata sponji kwa kisu kirefu, akavuta kitambaa kwa koleo mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma, misumari midogo ameibana midomoni. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na viganja vilivyojaa sugu. Mumewe alishafariki zamani. Binti yake wa pekee alimsomesha kwa makochi hayo, na katika miaka thelathini na moja ya kuyashona hakuna aliyewahi kumwambia kaa chini akakaa.

Presha aligundulika nayo miaka tisa kabla ya mambo haya. Alianza na kidonge kimoja, vikawa viwili, vikawa vitatu, kimojawapo kile cha kumkimbiza chooni asubuhi nzima. Alivimeza vyote bila kukosa, si kwa utiifu, ila kwa hasira. Alisema ugonjwa usipate kisingizio.

Siku moja saa nne asubuhi, akiwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, kichwa kilianza kumgonga kwa nyuma na macho yakaingia ukungu. Alipata akili ya kutema misumari kabla hajalaza kichwa kwenye sponji. Seremala alipokuja kuuliza vipimo vya mgongo wa kochi alimkuta hivyo, akapiga ukelele uliowatoa watu kwa kinyozi wakiwa wamenyolewa upande mmoja. Walimpeleka hospitali. Mashine ilisoma mia tisini na mbili kwa mia na kumi.

Alitulizwa, akaruhusiwa, akapangiwa kliniki. Daktari aliyempokea huko alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Kwa wiki tatu alimpekua kama mtu anayetafuta tundu kwenye paa. Alimtaka alete maboksi yote ya dawa, akahesabu vidonge. Aliutupilia mbali ukanda wa kupimia wa kawaida, akasema ni mdogo kwa mkono ule na unaweza kudanganya, akaleta mpana. Alimpima figo, damu na moyo. Alimuuliza chumvi, akamuuliza usingizi. Alimfunga mashine ndogo mkononi iliyompima mchana na usiku, saa ishirini na nne. Mwishoni akaweka kalamu mezani.

"Dawa unameza. Figo ziko sawa. Vipimo havidanganyi. Dawa tatu kwa dozi za kutosha, na hapa kliniki bado uko mia sabini na nne kwa mia moja. Hii tunaiita presha sugu."

Mama Makochi alimfungulia viganja vyake. "Sugu nazijua, daktari. Ninazo kumi hapa. Na hii tutazoeana."

"Sitaki mzoeane. Nataka ishuke."

Akamweleza kwamba dawa ya nne ipo, na huenda wakaihitaji. Lakini idara ya mazoezi tiba ilikuwa imeanzisha darasa la watu wa namna yake, wale ambao presha yao imegoma kusikia dawa. Siku tatu kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili. Kutembea na kuendesha baiskeli isiyokwenda popote.

"Daktari, mimi nabeba makochi."

"Kubeba kochi ni dakika mbili na pumzi umeibana. Mimi nataka dakika arobaini na pumzi inatembea. Na dawa zako zote tatu unaendelea kumeza. Mazoezi yanaingia pamoja na dawa, hayaji kuchukua nafasi yake."

Mama Makochi alitoka pale akiwa ameshakubali. Hakujua kwamba nyumbani kuna watu wameshamkatalia.

Jumapili ya wiki ile, saa tisa alasiri, alirudi kutoka dukani na sabuni mkononi akakuta viatu vya watu mlangoni. Sebuleni alikuwa ameketi dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, na daftari lake magotini. Kando yake binti. Pembeni kabisa mkwe, mume wa binti, ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi wa ajali asiyoiona.

"Karibu, mdogo wangu," dada akasema. "Tulikuwa tunakusubiri."

"Nyumbani kwangu mnanikaribisha nyinyi?"

"Keti tuanze. Ajenda ya kwanza, afya yako. Ajenda ya pili, karakana. Ajenda ya tatu, kuhama."

"Na mimi ni ajenda ya ngapi?"

Mkwe alikohoa kuficha kicheko. Dada hakucheka. Alisoma alichoandika kama alivyozoea kuwasomea walimu: karakana ifungwe mwisho wa mwezi, Mama Makochi ahamie kwa binti yake, ambako kuna chumba cha uani chenye hewa nzuri, apumzike. Habari ya mazoezi waliisikia, na hawakuipenda. Mtu wa mia na tisini anapandishwa baiskeli? Si ndiyo kumsukuma kaburini?

"Mama, hatukufukuzi kazini," binti akasema, macho yamemjaa maji. "Umefanya kazi ya kutosha. Ukae tu. Ukae tukuone."

"Mnataka nikae. Kwenye kochi. Mimi."

"Usifanye mzaha!" Dada alifunga daftari kwa kishindo. "Kaka yetu alipopooza ni nani aliyekuwa akimgeuza kitandani? Ni mimi. Miaka miwili. Nilimlisha kwa kijiko, nikambadilisha nguo, nikamfumba macho. Sitarudia kazi ile kwako. Siwezi."

Dada alikuwa amesema kweli, na kila mmoja pale aliijua. Mama Makochi aliweka sabuni juu ya meza. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini kuliko walivyoizoea.

"Dada, nakuheshimu, na ya kaka sijayasahau. Lakini kumbuka vizuri. Siku alipoambiwa ana presha mlimtoa kazini. Mkamwambia apumzike. Alipumzika miaka sita kabla hajapooza. Hata maji ya kunywa alikuwa akiletewa. Kaka hakuuliwa na kutembea."

Dada alifungua tena daftari, akatafuta ukurasa mtupu.

"Nipeni miezi mitatu," Mama Makochi akaendelea. "Zile wiki kumi na mbili za daktari. Presha isiposhuka, ufunguo wa karakana nitauleta mwenyewe, na hicho chumba cha uani nitaingia. Liandike hilo kwenye daftari, dada. Liandike kwa kalamu nyekundu."

Dada aliandika. Alitumia kalamu nyeusi, akisema nyekundu ni ya wanafunzi waliofeli, na yeye bado hajafeli.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha chini kilichokuwa zamani stoo ya mafaili. Palikuwa na baiskeli mbili, mashine moja ya kutembelea, viti sita vya plastiki, na ukanda wa presha ukutani. Mwalimu wa mazoezi alikuwa mtu mwenye kipara na filimbi shingoni ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiipuliza. Wagonjwa walimwita Kocha. Kanuni zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila mtu anapimwa kabla ya kuanza, na aliyezidi mia na themanini hapandi chochote siku hiyo. Ya pili, mwendo sahihi ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Siku ya kwanza Mama Makochi aliimba, kumwonyesha Kocha kwamba kanuni yake haimhusu. Alimaliza ubeti mmoja. Wa pili ulimkwama kooni, na dakika ya nane aliteremka kwenye mashine akiwa ameshika reli kwa mikono miwili.

"Dakika nane," Kocha akasema. "Vizuri sana."

"Vizuri nini? Mimi nanyanyua kochi la watu watatu!"

"Hapa hatunyanyui. Keti, kunywa maji."

Aliondoka amenuna. Njia nzima alijiuliza ni lini miguu hii ilikuwa imezeeka bila kumwambia. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa ya magoti na mikono. Kutoka nyumbani hadi karakana ni hatua mia mbili tu. Alikuwa na nguvu za kumshinda mwanaume kuvuta kitambaa, lakini pumzi ya kuvuka viwanja viwili hakuwa nayo. Jambo hilo lilimuudhi kuliko presha yenyewe. Jumatano alirudi, akafanya dakika kumi. Ijumaa, kumi na mbili. Siku asizokwenda hospitali alitembea mtaani, asubuhi kabla ya kufungua karakana, raba miguuni na gauni lake la kazini.

Mtaa ulipata cha kusema. Kinyozi alitoa kichwa nje ya kibanda chake. "Mama Makochi! Nani anakukimbiza?"

"Presha. Ikipita hapa iambie nimeelekea sokoni."

Wanawake waliokaa barazani walimwuliza kama anatafuta mchumba. Aliwaambia amempata, ule ukanda wa presha wa hospitali, una mkono mmoja na unambana kila Jumatatu, na wao wabaki hapo hapo wasije wakachoka. Mchana seremala alimletea kiti bila kuombwa. Alikiweka karibu na meza ya kukatia, akasimama kando kama amefanya tendo la huruma.

"Cha nani hiki?"

"Chako, mama. Dada yako alinipigia simu."

"Kina mguu uliolegea. Kirudishe ukakitengeneze, halafu ukalie wewe."

Kila asubuhi dada alimtumia ujumbe wa neno moja: "Umepumzika?" Na kila asubuhi naye alijibu kwa neno moja: "Nimetembea."

Wiki ya sita alifika dakika thelathini na tano. Kocha alimwonyesha karatasi yake, namba zikiteremka kidogo kidogo kama mtu mzito anayeshuka ngazi: mia sabini na nne, mia sabini, mia sitini na saba. Dereva mstaafu wa lori, aliyekuwa akiendesha baiskeli ya pili, alimpigia makofi. Mama Makochi alirudi nyumbani akijisikia kama ameshinda kesi.

Kitu ambacho hakumwambia Kocha, wala dereva, wala mtu yeyote, ni goti la kulia. Tangu wiki ya nne lilikuwa likiwaka moto kila akishuka ngazi. Mwanzoni alilifunga kitambaa. Kisha akapita duka la dawa akanunua vidonge vya maumivu, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na baadaye viwili viwili. Vilifanya kazi vizuri sana. Alitembea kama msichana.

Jumatatu ya wiki ya saba aliketi kupimwa, Kocha akatazama mashine, akasubiri dakika tano, akapima tena.

"Mia themanini na sita kwa mia na nane. Leo huanzi."

"Imekosea hiyo."

"Nimepima mara mbili, mama."

"Basi pima mara ya tatu. Mimi nimekuja hapa kwa miguu yangu!" Alisimama akaelekea kwenye baiskeli. Kocha alisogea akasimama mbele ya usukani, mikono nyuma. Mama Makochi alimfokea kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi. Alimwambia ameshirikiana na dada yake, alimwambia filimbi yake ni pambo. Dereva mstaafu aliacha kukanyaga pedeli, akaangalia sakafu. Kocha hakusogea.

"Ukimaliza," alisema, "daktari yuko juu. Nitakusindikiza."

Daktari alimpima, akasoma karatasi, akamuuliza swali moja. "Kuna kitu kipya unachomeza?"

Mama Makochi alitazama dirishani. Alitazama pia kalenda ya ukutani, na mzani. Kisha akafungua mkoba, akaweka pakiti ya vidonge juu ya meza, taratibu, kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ya majibu.

"Vya goti. Wiki ya tatu sasa."

Daktari aligeuza pakiti, akasoma jina, akashusha pumzi. Alimweleza kwamba dawa za aina ile huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, zinapandisha presha na kuzifunga mikono dawa zake nyingine. Alikuwa akijenga asubuhi na kubomoa jioni.

"Kwa nini hukusema goti linauma?"

"Ningesema goti linauma, dada yangu angesema basi, mwisho."

"Kumkatalia dada yako ni shauri lako. Lakini mimi ukinificha, hapo unamkatalia nani?"

Aliona aibu kama mtu aliyekata kitambaa cha mteja upande usio wake. Daktari alivitupa vidonge vile, akamwandikia dawa ya maumivu isiyogombana na presha, na akamwambia Kocha amtoe kwenye kutembea kwa wiki mbili. Kocha alimpandishia kiti cha baiskeli ili goti lisikunjike sana. Akamfundisha pia kuimarisha misuli ya paja: kusimama na kuketi kwenye kiti bila kushika, mara kumi, polepole, huku akihesabu kwa sauti ili asibane pumzi.

"Samahani kwa maneno ya juzi," Mama Makochi alimwambia Kocha siku aliyorudi.

"Maneno gani? Mimi nilikuwa naangalia mashine."

Jioni ile alimpigia dada yake simu mwenyewe. Hakungoja aambiwe na watu.

"Dada, chukua daftari. Andika mia themanini na sita. Kosa ni langu, nilikuwa nakunywa dawa za goti kwa siri."

"Basi yamekwisha, mdogo wangu. Umejaribu, Mungu ameona. Njoo upumzike."

"Hayajakwisha. Zimebaki wiki tano. Ningekuwa nataka kukudanganya nisingekupigia." Akakata simu kabla dada hajapata neno.

Wiki tano zile alizifanya kwa jino na ukucha. Zile wiki mbili za kutotembea zilipokwisha, mvua ikinyesha alitembea ndani ya karakana, kutoka mlangoni hadi kwa seremala na kurudi, akihesabu mizunguko huku seremala akilalamika kwamba anamtia kizunguzungu. Mteja aliyetaka kochi lake Jumatano aliambiwa achukue Alhamisi. Jumatano ni siku ya hospitali. Akikasirika, alimwonyesha mlango. Wiki ya kumi aliendesha dakika arobaini kamili, akajaribu kuimba mwishoni, akashindwa, na safari hii alicheka.

Wiki ya kumi na mbili ilipokwisha alifungwa tena ile mashine ndogo ya mkononi, akaenda nayo kazini. Kila nusu saa ilijaa upepo na kunguruma, na kila iliponguruma ilibidi aache koleo na kunyoosha mkono, sponji na wateja wakimsubiri. Kesho yake daktari alifungua matokeo, binti na dada wakiwa wameketi nyuma ya Mama Makochi, kwa sababu dada alisema matokeo ya mtihani hayapelekwi na mtahiniwa.

"Kliniki, kutoka mia sabini na nne imefika mia na hamsini," daktari akasema. "Wastani wa saa ishirini na nne, kutoka mia sitini na moja hadi mia arobaini na tatu. Bado haijafika ninapotaka. Dawa zinaendelea, zote, na ya nne bado naifikiria. Lakini imeshuka, na haikushuka bure."

Dada aliandika namba zote nne. Alizipigia mstari. "Kwa hiyo hajapona."

"Sikuahidi kupona," Mama Makochi akasema. "Niliahidi kushuka. Soma ulivyoandika."

"Na ikipanda tena?"

"Nitakupigia simu, kama nilivyokupigia siku ile. Na kesho yake utanikuta njiani."

Binti alimshika mama yake mkono, akaanza kulia, halafu akacheka katikati ya kilio. Alisema chumba cha uani mkwe ameshaanza kukitamani awekee vyombo vyake vya kazi, basi akitwae. Dada hakusema ameshindwa. Hadi leo hajasema. Bado anaamini kwamba mtu wa presha anapaswa kukaa, na bado anapiga simu kila Jumamosi kuuliza namba, na akiisikia imepanda kidogo huguna kwa namna ambayo Mama Makochi haipendi. Lakini ujumbe wa asubuhi aliuacha.

Lililobaki lilikuwa la Kocha. Siku ya kuagana alisema nafasi zao zinachukuliwa na wagonjwa wapya, na akawaonya waziwazi kwamba wakiacha mazoezi, kila walichokishusha kitapanda. Dereva mstaafu aliuliza waende wapi. Barabara ya kwao haina pa kupita mtu kwa miguu, magari yanapita yakimgusa nguo. Wengine nao wakaanza kutaja sababu zao, mvua, mbwa, macho ya majirani.

"Huku nje ya dirisha kuna nini?" Mama Makochi aliuliza.

Kulikuwa na njia ya saruji iliyozunguka majengo ya hospitali ndani ya ukuta, pana, yenye kivuli, ambayo gari la takataka lilipita mara moja kwa siku.

Jumatatu iliyofuata saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa watu sita pale. Mlinzi wa geti, mwenye sare iliyonyooshwa kama ya gwaride, aliwafuata walipoanza mzunguko wa pili.

"Simameni! Mnakwenda wapi nyinyi?"

"Hatuendi popote, ndugu yangu," Mama Makochi akasema akiendelea kutembea, ikambidi mlinzi atembee naye. "Tunazunguka."

"Hapa ni hospitali, si uwanja wa michezo. Mna kibali?"

Alitoa kadi yake ya kliniki. Mlinzi aliisoma huku akikaza mwendo: kutembea dakika arobaini, siku tano kwa wiki, na sahihi ya daktari.

"Haijaandikwa mtembee hapa."

"Haijaandikwa tutembee pengine pia."

"Itabidi nimwite mkubwa wangu." Mlinzi alikuwa ameanza kuhema. "Nyinyi msimame hapa mumsubiri."

"Mwite. Mwambie atatukuta upande wa jiko, au upande wa maabara, inategemea atachelewa kiasi gani." Akamtazama mlinzi kuanzia kofia hadi tumbo. "Na wewe umepima presha lini?"

Mlinzi alisimama. Wale sita walikata kona ya maabara bila kugeuka nyuma, dereva mbele, Mama Makochi katikati akihesabu dakika kwa sauti.